Batri ya moto inakufa kila mara? Pima mbele, nunua nyuma



Mara hii hatuzungumuzi juu ya mbolea wala juu ya ugonjwa wa mihogo. Tunazungumuza juu ya moto, ile ya magurudumu mbili. Najua mmoja wenu atasema: "Agronome naye anatafuta nini mu mambo ya mafundi?" Ni kweli, ku masomo nilisomea udongo na mimea, sikusomea mekaniki. Lakini miaka yote ya kazi nimetembea juu ya moto za zamani, na nimenunua batri mingi kuliko viatu. Tena koperative nyingi ziko na moto moja ao mbili tu, na hizo njo zinaleta mazao ku depo. Ikikufa, ni kahawa ao maharage ya watu wote inalala njiani.

Mwaka jana, mu msimu wa kahawa, nilifika kwa koperative moja kando ya ziwa Kivu. Moto yao ni ya aina ya CG 125, imetengenezwa Uchina. Injini ya namna ile Honda aliianzisha mwaka 1976 kwa ajili ya nchi zenye barabara mbaya, kisha viwanda vya Uchina vikaiga. Ni kwa hiyo munaikuta kila mahali na vipuri vyake vinapatikana hata ku soko ya kijiji. Jioni moja motari alipanda ku mlima kuchukua kahawa nyekundu. Fari ikaungua. Njia ni ya makorongo, giza imeingia, hakuweza kushuka. Magunia ine yakalala kule juu. Yalipofika asubui pa stasio ya kuoshea, matunda yalikuwa yameanza kuchacha. Munajua wenyewe: kahawa nyekundu inafaa kutolewa ganda siku ile ile imevunwa. Magunia yote ine yakaandikwa kahawa ya namba mbili, na wamama watatu walioivuna wakapata hasara kwa kosa lisilo lao.

Mama mwekahazina akaniletea kaye ya matumizi. Mu miezi mitano: batri mbili, ampule za fari sita, klakso moja. Akaniambia: "Agronome, hii moto inakula kupita batoto bangu." Kila mara fundi alisema batri ni mbaya, leteni ingine. Hakuna mtu alikuwa amepima kitu. Tulipopima, tulichukua kama dakika makumi mbili, na ugonjwa ulikuwa waya moja ya kijani. Nitarudilia hiyo waya chini, juu kwanza inafaa tuelewe umeme unapita wapi.

Umeme wa moto unatoka wapi

Batri haitengenezi umeme. Inaweka akiba tu. Muifikiri sawa vile sanduku ya AVEC: kama wanamemba hawaleti akiba, sanduku mpya haitaleta makuta.

Anayeleta ni statori. Ni bobini za waya ya shaba zilizofungwa mu injini, upande wa kushoto kwa moto mingi. Sumaku inazizunguka kila injini inapozunguka, na umeme unatoka. Umeme huo ni wa kugeuka: unakwenda mbele, unarudi nyuma, mara mingi kwa segonde. Batri haiwezi kuupokea namna ile. Kwa hiyo unapita kwanza mu regilateri, ile boksi ndogo ya aliminiumu yenye mapezi kama ya samaki. Regilateri inafanya kazi mbili: inanyoosha umeme uende upande moja tu, na inazuia usipite kipimo. Ni mwekahazina wetu. Akilala, sanduku inabaki wazi. Akipotea, pesa inamwagika.

Kwa moto za zamani za aina ya CG kuna jambo moja la kujua. Regilateri yao ya waya ine inakamata nusu tu ya umeme kwa kuchaji batri, ile nusu inayokwenda mbele. Na fari haipati umeme wake ku batri, inaupata moja kwa moja ku statori. Unaweza kuhakikisha bila chombo chochote. Weka kontake, usiwashe injini, washa fari. Kama fari inawaka, inakula ku batri. Kama haiwaki mpaka injini ingurume, na inafifia ku relanti halafu inakuwa kali ukivuta gazi, basi inakula ku statori. Andika jibu lako, tutalitumia tena chini.

Uhesabu pia vifuniko vya batri kama iko ya kutia maji. Vifuniko sita ni batri ya volti 12. Vitatu ni ya volti 6, na bado kuna moto za kizee sana za namna hiyo. Vipimo vyote nitakavyotoa hapa ni vya volti 12. Kwa ile ya 6, gawanya kwa mbili. Na usidanganyike kutia batri ya 12 juu ya moto ya 6 ukifikiri umeiongezea nguvu. Statori na regilateri hazitaijaza hata siku moja.

Macho na mikono mbele ya testeri

Toa kiti, angalia. Zile chuma za batri ziko na unga mweupe ao wa kijani? Zioshe na maji ya vuguvugu yenye unga wa bikarbonati, kausha, kwaruza na msasa, kaza, kisha pakaa grese juu yake. Vuta kila waya kidogo kwa mkono. Fungua prizi za statori na za regilateri: kama plastiki imekuwa ya kahawia ao imeyeyuka, hapo umeme unapita kwa shida na unageuka joto. Mu milima yetu mvua na matope vinaingia kila pahali, na mara mingi ugonjwa uko mu prizi, si mu kifaa chenyewe.

Angalia fizibli. Kama mtu ameitoa akaweka karatasi ya sigara ao kipande cha waya, muulize vizuri, bila kumgombeza, kwa nini ile ya kwanza iliungua. Fizibli haiungui bure.

Vipimo vitatu

Testeri ni kile kifaa kidogo chenye vidole viwili, kimoja chekundu na kimoja cheusi. Ya bei rahisi inagarimu chini kuliko batri moja ndogo ya moto, na koperative nzima inaweza kutumia moja, hata kwa panosolari ya depo. Geuza kifungo ku volti ya kunyooka, ile V yenye mstari, ku 20. Kidole chekundu kiwe mu tundu yenye alama ya V. Nakazia hapa: kama kiko mu tundu ya 10 A na ukigusa batri, umeunga batri mkono kwa mkono, na testeri itaungua mbele ya macho yako. Mimi nimeunguza moja namna hiyo, mbele ya watu kumi na wawili niliokuja kuwafundisha.

Kipimo cha kwanza ni cha asubui, moto imelala usiku mzima bila kuguswa. Chekundu ku plus, cheusi ku moins. Ukisoma 12.6 mpaka 12.8, batri imejaa. Kwa 12.4 inabaki kama robo tatu. Kwa 12.2 iko nusu. Kwa 12.0 ao chini yake iko karibu ya kuisha, na kama inakaa namna hiyo wiki nyingi inaharibika kabisa, juu madini nyeupe inagandamana ku mabamba ya ndani na haitoki tena. Usipime mara moja ukifika safarini, batri ingali na volti ya uongo iliyoipata njiani.

Cha pili, acha vidole pale pale na umwombe mwenzako abonyeze demarera. Volti itashuka, hiyo ni kawaida. Lakini ikishuka chini ya 9.5 ao 10 wakati batri ilisoma 12.6 mbele kidogo, batri imechoka ndani. Inaonyesha sura ya kujaa lakini haina akiba. Hapo fundi anayesema "leta ingine" ana haki.

Cha tatu njo cha maana. Injini inanguruma, vidole viko ku batri. Ku relanti, andika namba. Vuta gazi polepole mpaka katikati, andika tena. Namba inafaa kupanda na kusimama kati ya 13.5 na 14.5. Washa fari, piga breki ili taa ya nyuma iwake, vuta gazi tena ile ile, angalia kama bado inapita 13. Usitoe kamwe waya ya batri injini ikinguruma ili "kuona kama inachaji". Mafundi wengi wanafanya hivyo. Batri njo inatuliza umeme. Ukiiondoa, volti inaruka na kuunguza ampule, regilateri, na kwa moto za siku hizi hata boksi ya kuwasha bugi.

Sasa soma majibu.

Namba haipandi hata ukivuta gazi? Batri haipati kitu. Angalia fizibli na waya nyekundu inayotoka ku regilateri. Gusa kidole chekundu ku nyekundu ya regilateri, na cheusi ku plus ya batri, injini ikinguruma. Kama testeri inaonyesha zaidi ya 0.3, umeme unapotelea njiani, mu waya ao mu prizi. Kama njia ni safi, zima injini, fungua prizi ya statori, geuza testeri ku volti ya kugeuka, ile V yenye wimbi, washa injini na upime zile waya za statori. Namba inafaa kupanda vizuri kila ukivuta gazi. Ikipanda, statori iko muzima na regilateri njo mgonjwa. Isipopanda, bobini imeungua ao imekatika.

Hapa mafundi wanakosea mara mingi. Wanapima kama waya ya statori inagusana na masi, yaani chuma ya injini, na wakikuta inagusana wanasema statori imekufa. Kwa moto mpya zenye waya tatu za njano, ni kweli, isigusane hata kidogo. Lakini kwa CG ya zamani, mwisho moja ya bobini umefungwa ku masi tangu kiwandani. Kugusana ni afya yake. Statori ngapi zimetupwa kwa kosa hilo, sijui, lakini moja nimeiokota mwenyewe mu takataka za gereji na inafanya kazi mpaka leo.

Namba inapita 15? Simama hapo hapo. Regilateri haizuii tena. Batri inachemka, maji yake inakauka, ampule zinaungua moja kwa moja.

Namba zote muzuri, lakini kila asubui batri iko chini? Basi kuna mwizi wa usiku. Zima kontake, toa waya ya moins ku batri, weka kidole chekundu mu tundu ya 10 A, na uunge testeri kati ya chuma ya moins na ile waya. Usijaribu kuwasha moto ikiwa namna hiyo. Inafaa usome karibu na sifuri. Miliamperi 50 tu, ambayo ni kidogo sana, kwa saa 24 inakula 1.2 amperi-saa. Batri ya 7 amperi-saa itamalizika mbele ya siku sita. Ukikuta mwizi, fungua prizi moja moja mpaka namba ianguke. Anza na radio, na ile tundu ya kuchaji telefone waliyoongeza ku soko, kisha regilateri.

Waya ya kijani

Turudi ku ile moto ya kahawa. Asubui batri ilisoma 11.9 na maji yake ilikuwa chini ya alama. Ku relanti 12.7. Kwa gazi ya katikati ikaruka mpaka 15.6. Fundi alikuwa pale, kijana mwenye akili, akasema: "Regilateri njo ilishakufa." Nami niliwaza hivyo. Lakini mbele ya kununua tulipima waya ya kijani, ambayo kwa moto mingi za Kichina ni waya ya masi. Kidole kimoja ku kijani ya regilateri, kingine ku moins ya batri, injini ikinguruma: 1.3. Inafaa iwe karibu sifuri. Maana yake masi ya regilateri haikufika ku batri. Regilateri ilikuwa inapima volti pungufu kuliko ile ya kweli, inafikiri batri ina njaa, inaendelea kumwaga. Hata fari ilikuwa inapokea umeme usio na mzuizi, ni kwa hiyo ampule sita.

Tulifuata ile waya mpaka ku chini ya tanki, kule imefungwa ku shasi na buloni moja. Buloni imejaa kutu, kosi ya waya imebaki na nyuzi tatu. Tukakata, tukaweka kosi mpya, tukakwaruza rangi ya shasi mpaka chuma ionekane. Kisha tukaongeza waya mpya ya milimetri 2.5 inayotoka ku kijani ya regilateri mpaka ku moins ya batri yenyewe, ili tusitegemee kutu tena. Tukapima: 14.1. Motari akacheka, akasema, "Kumbe ni paka hii?" Mama mwekahazina hakucheka. Alikuwa anajumlisha ampule.

Hiyo waya ya masi ya ziada naishauri kwa kila moto iliyopita miaka mitano, hata kama haina ugonjwa. Rangi lakini usiziamini peke yake. Moto za Uhindi ziko na rangi zao, na moto iliyopita mu mikono ya mafundi wanne inaweza kuwa na waya ya kijani ikifanya kazi ya nyekundu.

Kuiongezea nguvu: mbele ya kuingiza, punguza kutosha

Kisha ile masi kutengenezwa, batri haikuchemka tena. Lakini kisha wiki tatu motari akalalamika demarera ni mlegevu. Tukaangalia namna anavyofanya kazi. Wakati kahawa inapimwa ku mizani anaacha moto ku relanti nusu saa, juu anaogopa itakataa kuwaka. Na wakati huo telefone tatu zinachaji. Ku relanti ile regilateri ya nusu inaingiza karibu bure. Basi kila siku batri inatoa zaidi kuliko inavyopokea. Neno la kwanza nililompa ni la bure: zima injini ku mizani. Na siku ya kazi mingi, uwashe kwa kiki, uache demarera ipumuzike.

Ya pili ni hesabu. Ampule ya fari ya wati 35 inakula karibu amperi 3. Ya nyuma wati 5, na ukipiga breki 21. Kuchaji telefone moja ni wati 5 mpaka 10. Statori ya zamani ni ndogo, na haiwezi kutoa zaidi ya vile ilifungwa kiwandani. Hakuna regilateri wala batri itakayoibadilisha. Ampule za ledi zinaweza kutoa mwanga wa kutosha kwa wati 10 ao 12. Anza na taa ya nyuma na za klinyota, ndiyo rahisi. Klinyota za ledi zitawaka haraka haraka kama mtu mwenye baridi, mpaka ubadilishe kile kiboksi cha kuzifanya ziwake na kuzima.

Fari ya ledi, ngoja kidogo. Kumbuka lile jibu uliloandika. Kama fari yako inakula ku statori moja kwa moja, ledi ya soko itatetemeka, ao itaungua mbele ya mwezi kuisha, juu imetengenezwa kwa umeme wa kunyooka. Fari ya ledi inakuja nyuma ya kazi ya tatu.

Kazi ya tatu ni kubadilisha regilateri ya nusu kwa regilateri ya kamili, ile inayokamata umeme ukienda na ukirudi. Hii si kazi ya kufanya chini ya muti wa avoka. Inafaa fundi mwenye chombo cha kutoa volani. Akiipiga na nyundo sumaku inapasuka. Akishaifungua, anatafuta ule mwisho wa bobini ya taa uliofungwa ku masi, anautoa, anausude ku waya mpya yenye ngozi nzuri ya kuvumilia joto na oili, anaitoa inje pamoja na zingine. Asiguse masi ya bobini ya kuwasha bugi, ile ni ingine na inafaa ibaki pale pale, la sivyo moto haitawaka. Sasa bobini ya taa ina miisho miwili huru: inaingia ku waya mbili za kuingilia za regilateri mpya. Kwa CG ya kawaida zinatoka waya mbili, nyeupe na njano, na moja ni tawi la katikati tu. Fundi apime ili achague ile yenye waya ndefu kuliko, na ingine aifunge vizuri na skochi isiguse chuma. Mbele ya kufunga kifuniko, apime tena: bobini ya taa isiguse masi hata kidogo. Nyekundu ya kutokea iende ku batri kwa kupitia fizibli ya amperi 10. Masi iende ku moins.

Tangu siku hiyo taa zote, pamoja na fari, zinafaa kukula ku batri kwa kupitia kontake. Ukisahau hilo na kuacha fari ku waya ya zamani ya statori, regilateri mpya inaweza kuungua siku ya kwanza.

Na regilateri inahitaji upepo. Nimekuta imefungwa mu sashe ya plastiki chini ya kiti ili mvua isiingie. Haiogopi mvua, inaogopa joto. Umeme usiotumika inaugeuza joto, kwa hiyo ukiweka ledi yenyewe itapata joto zaidi, si pungufu. Ifunge ku chuma, ku pahali upepo unapiga, mapezi yake yasiwe na matope.

Maji ya batri

Neno dogo lakini limeua batri mingi: mu maduka yetu wanaita "maji ya batri" vitu viwili. Kimoja ni asidi, ya kutia mara moja tu mu batri mpya iliyo kavu. Kingine ni maji yaliyosafishwa, njo ya kuongeza kila mara inapopungua. Ukiongeza asidi kila mwezi unachoma mabamba. Maji ya chemchemi ao ya kisima yana chumvi ya udongo, nayo inaharibu. Soma ku chupa, ao muulize mwenye duka waziwazi.

Kama koperative ina panosolari, ya wati 20 kwa mufano, pamoja na regilateri yake ya solari, munaweza kujaza batri ya moto iliyoshuka. Kipimo kizuri ni sehemu moja juu ya kumi: batri ya 7 amperi-saa ijazwe kwa amperi 0.7, kwa saa nyingi. Chaja kubwa ya gari inaipika. Ikiwa na vifuniko, vifungue kwanza, weka inje pahali pa upepo, na asiwepo mtu wa sigara karibu, juu gesi inayotoka inalipuka. Asidi ikigusa macho ao ngozi, maji mengi mara moja.

Na hapa naongea sasa kama agronome: batri ya kufa musiimwage ku shamba wala ku mufereji. Risasi iliyomo haiozi, inabaki mu udongo wa juu ambako mboga zinaota, na inaumiza ubongo wa watoto. Ziwekeni mu bidoni ya plastiki ku depo, siku ya kwenda mujini muziuze kwa wanunuzi wa batri za zamani.

Kwa ile koperative tulifunga ukurasa moja ku ukuta wa depo: tarehe, volti ya asubui, volti ya relanti, volti ya gazi, na jina la aliyepima. Wanapima kila siku ya mosi ya mwezi. Mama mwekahazina njo anashika testeri, na hanunui tena batri bila kuangalia ule ukurasa. Regilateri ya kamili fundi aliifunga mbele ya msimu kuanza; ku relanti na fari ya ledi ikiwaka wanasoma 13.2. Klinyota za nyuma bado zinawaka haraka haraka. Kile kiboksi tutakinunua mtu akishuka mujini.